Wageni Arobaini na Mmoja wa Bangwe

Treni ilikuwa imeshaanza kusogea Mzee Hamdani alipolisikia lile neno. Alikuwa amesimama stesheni ya Kigoma, mkono juu, anamuaga Bi Jovita kwa moyo mweupe na kwa haraka ya kurudi nyumbani kula. Treni ilitakiwa kuondoka asubuhi, ikaondoka saa nane mchana, na saa zote hizo mzee alikuwa amekalia begi la yule dada ili lisichukuliwe. Sasa begi limo ndani, mwenye begi yuko dirishani, kazi ya wiki tatu imekwisha.

"Mzee Hamdani!" Bi Jovita akapaza sauti, meno yote nje. "Jana nimempigia simu mkuu wangu. Amefurahi huyo! Wageni arobaini na mmoja, Bangwe peke yake! Anakuja mwenyewe baada ya wiki mbili. Anakuja na watu wa leseni, watu wa utalii, na boti!"

"Wageni gani?" Hamdani akauliza, huku anatembea sambamba na dirisha.

"Si hao uliowaandika wewe? Wageni! Watalii wanaokuja kuvua!"

Dirisha likapita. Likapita na la pili, na la tatu, na mzee akabaki ameganda kama mtu aliyekanyaga msumari na bado hajaamua kupiga kelele.

Alikuwa na miaka sitini na mbili. Alikwishadandia treni zinazotembea pale Tabora, na Kaliua, na huko Zambia alikokwenda kutafuta kazi ya migodini akarudi na kikohozi. Aliporudi nyumbani alimwapia mkewe Hidaya kwamba miguu yake imestaafu. Basi siku hiyo miguu ikaitwa tena kazini. Akakimbia, akashika chuma cha behewa la mwisho, kandambili moja ikabaki relini, yeye akabaki ngazini anahema.

Turudi nyuma kidogo ili jambo lieleweke.

Ulikuwa mwaka elfu moja mia tisa tisini na tisa. Kigoma ya miaka ile ilijaa watu waliokimbia vita, Warundi kutoka kaskazini na Wakongo kutoka ng'ambo ya ziwa. Walipangiwa makambi huko ndani, mbali na maji, na kutoka kambini kulihitaji kibali. Lakini mtu aliyezaliwa ufukweni humuweki porini akatulia. Wengine walitoka kimyakimya wakaja kukaa uani kwa watu, Ujiji, Rusimbi, Bangwe. Kulikuwa na msako miaka miwili kabla ya hapo, askari wanaingia nyumba kwa nyumba, na waliokamatwa walipakiwa kwenye malori bila hata kuchukua sufuria.

Nyumbani kwa Hamdani, Rusimbi, alikaa mmoja wao, fundi viatu aitwaye Gervasi, Mrundi wa Rumonge, pamoja na binti yake Ziada aliyekuwa darasa la tano. Siku ya msako walilala nyuma ya kuni jikoni kwa Hidaya, na Hidaya akakaa mlangoni anachambua mchele, akiwaambia askari kwamba humu ndani kuna panya tu na mume asiye na kazi.

Sasa, watu wa Ujiji wana adabu yao. Neno mkimbizi lilikuwa la redio na la askari. Mbele ya mtu mwenyewe hulisemi. Unasema mgeni. "Mgeni wangu ameamka?" "Wageni wa kwa Mama Ikram wamepata unga?" Kila mtu alijua mgeni ni nani, na hakuna aliyehitaji kufafanuliwa.

Hakuna, isipokuwa Bi Jovita.

Yeye alikuwa Mhaya wa Bukoba, msomi wa mambo ya jamii, ametumwa na chuo chake kilicho huko pwani. Hakuja kuhesabu samaki. Alikuja kuhesabu watu, na watu wa aina moja tu: wale wanaokwenda ziwani na mshipi na ndoano, wakakaa juu ya mwamba kutwa nzima, na wanachopata hawakiuzi. Alitaka kujua ni akina nani, wanatafuta nini, wanachukua samaki wangapi, wanarudisha wangapi majini, na wana makatazo gani baina yao. Alisema sheria za ziwa zinamjua mvuvi mwenye leseni na mvuvi haramu, na hawa wa tatu hakuna anayewajua, na huwezi kulitunza ziwa bila kuwajua watu wake wote. Hamdani alimpenda kwa maneno hayo. Akakubali kuwa mdadisi wake, yaani mtu wa kuzunguka na fomu, kwa sababu alijua Kiswahili, Kiha, Kirundi, na Kibembe cha kuombea maji.

Siku ya kwanza ilikuwa aibu tupu. Fomu ilisema: Je, unavua kwa ajili ya burudani? Hamdani akaisoma kama ilivyo, juu ya mawe ya Bangwe, mbele ya wanaume wanane.

"Burudani?" Gervasi akamtazama rafiki yake. "Burudani ni ngoma, Hamdani. Burudani ni Jumamosi, watu wanacheza. Hapa unaona nani anacheza?"

"Labda kuhe huko majini anacheza," mwingine akasema, na wote wakacheka.

"Sasa wewe unavua kwa ajili gani?" Hamdani akauliza.

Gervasi akavuta mshipi kidogo, akauachia. "Natoa mawazo," akasema.

"Mimi pia," akasema wa pili. "Mawazo yakijaa, nakuja huku nayamwaga."

Hamdani akalifuta neno burudani kwa kidole kichwani mwake, na toka siku ile akawa anauliza: Unavua kutoa mawazo? Majibu yakamwagika. Watu walieleza ndoano zao, chambo chao cha dagaa, siku za kupata na siku za kukaa bure. Walieleza habari za kuhe, samaki mkubwa wa mawe, ambaye mume na mke hukaa pamoja kulinda watoto, na kwamba ukimvuta kuhe ukaona kundi la watoto linahangaika chini, unamrudisha upesi, maana bila yeye wale watoto wataliwa wote kabla ya adhuhuri. Hakuna aliyewaandikia hilo. Walisema ni aibu tu. Na walieleza jinsi walivyowafukuza kwa mawe watu wa kokoro, ule wavu wa kukokota unaozoa hadi mayai.

Bi Jovita alikuwa anaandika mpaka kalamu inapata joto.

Ila kulikuwa na swali la nne. Mvuvi huyu ni: (a) mwenyeji, (b) mgeni. Hapo Hamdani hakuona ugumu wowote. Maelezo ya maana ya maneno yalikuwa ukurasa wa pili wa maelekezo, na Hamdani, aliyesoma darasa la tatu Ujiji, la tano Tabora, na ngumbaru ya jioni huko Kitwe, alikuwa na tabia ya kuridhika na ukurasa wa kwanza. Kwa Gervasi akaweka alama kwenye mgeni. Kwa wale waliokaa kwa jirani yake Mama Ikram, mgeni. Hata aliona fomu ina adabu, haikutumia lile neno la redio.

Watu tisini na sita. Wenyeji hamsini na watano. Wageni arobaini na mmoja.

Ndiyo hiyo hesabu iliyokuwa inakwenda pwani kwa treni, na nyuma yake wanakuja watu wa leseni na boti, kuwatafuta watalii juu ya mawe ya Bangwe. Hawatawakuta watalii. Watamkuta Gervasi bila kibali.

Mzee Hamdani alipita mabehewa ya daraja la tatu akirukaruka magunia, mguu mmoja peku. Mkagua tiketi akamzuia mlangoni.

"Tiketi, mzee."

"Mimi sisafiri, mwanangu. Nafuata kosa langu, liko behewa la mbele."

"Kosa lina tiketi?"

"Lenyewe linayo. Daraja la pili."

Yule kijana alimtazama usoni, akatazama mguu, akasogea pembeni. Baadaye alisema alidhani mzee anamfuata mke aliyetoroka.

Bi Jovita alikuwa peke yake kwenye chumba cha behewa, anamenya chungwa. Alipomuona alipiga yowe dogo.

"Mzee! Umesahau nini?"

"Nimesahau kukueleza Kiswahili cha kwetu," Hamdani akasema, akakaa bila kukaribishwa. Akamweleza yote. Mgeni ni nani Ujiji. Gervasi ni nani. Ziada yuko darasa la ngapi. Msako ulivyokuwa.

Bi Jovita kwanza alicheka. Alicheka hasa, maana alimkumbuka mkuu wake alivyokuwa anashangilia kwenye simu. Kisha kicheko kikakatika katikati kama redio iliyoishiwa betri.

"Mungu wangu," akasema. "Na nimeshamwambia ni wapi. Nimemwambia na saa wanazokuja."

"Futa," Hamdani akasema. "Kalamu si unayo? Weka wenyeji, tumalize."

"Siwezi, mzee. Fomu haiguswi. Nikianza kubadili majibu ndani ya treni kwa kuwa nimeona huruma, mimi si mtafiti tena, ni mtunga hadithi. Na nikiandika wakimbizi, ripoti itasomwa na kila mtu. Hiyo ndiyo mbaya kuliko zote."

"Basi tufanye nini? Maana mimi ndiye niliyemuuza yule mtu, Bi Jovita. Kwa kalamu ya kupewa."

Bi Jovita alifungua begi, akatoa maelekezo, akafunua ukurasa wa pili. Akasoma kimya, kisha akasoma kwa sauti, polepole: "Mwenyeji ni mtu yeyote ambaye, hadi siku ya kuhojiwa, amekaa katika eneo la utafiti kwa siku mia moja na themanini au zaidi, bila kujali alikotoka."

"Rudia hapo mwisho."

"Bila kujali alikotoka. Niliandika mimi mwenyewe haya. Nilikuwa nawafikiria walimu na wafanyakazi wa bandari."

"Gervasi analala kwangu mwaka wa tano huu!"

"Najua. Lakini haitoshi wewe ujue. Inabidi aulizwe, na ajibu mwenyewe. Yeye na wale wengine arobaini. Fomu yangu haiulizi mtu amekimbia nini, inauliza analala wapi. Tulikosea kuuliza, basi tukaulize tena. Hilo naweza kulisimamia mbele ya mtu yeyote."

Treni ikaanza kupunguza mwendo. Ilikuwa Luiche, kituo cha kwanza tu kutoka Kigoma.

"Treni nyingine lini?" Bi Jovita akauliza.

"Siku ya tatu, ikipenda."

"Shusha begi, mzee."

Walikodi baiskeli mbili za kubeba watu wakarudi, begi mbele, Bi Jovita nyuma na bunda la fomu mapajani, vumbi mpaka kwenye kope. Jua lilikuwa halijazama walipoingia uani Rusimbi. Hidaya alikuwa anapepeta mchele. Alimtazama mumewe, akautazama mguu peku, akamtazama mgeni.

"Nimemtuma akaage," akasema, "karudi na aliyeagwa. Kandambili ndiyo iliyosafiri?"

"Shikamoo mama," Bi Jovita akasema.

"Marahaba mwanangu. Karibu. Kaa, huyu atanieleza mwenyewe, na akieleza vibaya utamsahihisha."

Gervasi alikuwepo, ana kiatu cha mtu gotini na sindano mkononi. Hamdani alieleza kila kitu mbele yake, hakuficha. Gervasi alisikiliza mpaka mwisho. Hakugomba. Alichoma sindano kwenye soli, akaiacha hapo.

"Wiki mbili," akasema.

"Wiki mbili, kama hatujasahihisha."

"Ziada ana mtihani mwezi wa kumi." Hilo tu ndilo alilosema, akainuka akaingia ndani, na Hamdani aliona afadhali angepigwa kofi.

Asubuhi yake walikwenda Bangwe. Watu walikuwa juu ya mawe kama kawaida, kila mmoja na mwamba wake. Hamdani akamwendea wa kwanza, mtu mmoja wa kwa Mama Ikram, akamsalimia Kirundi, "Amahoro," kisha akauliza kama Bi Jovita alivyomfundisha:

"Ndugu yangu, umekuwa ukilala hapa tangu lini?"

Mtu yule akakusanya mshipi wake. Hakukimbia, alikunja tu, taratibu, akaweka ndoano kwenye kopo, akasema ana mtoto anaumwa. Wa pili akaona, akakunja. Wa tatu hakusubiri kuulizwa. Kabla chai haijapoa kwenye chupa ya Bi Jovita, mawe yalikuwa matupu, amebaki Gervasi na ndege.

"Hamdani," Gervasi akaita kutoka kwenye mwamba wake, "umekuwa askari?"

"Nimeuliza vizuri!"

"Umeuliza vizuri kama wanavyouliza wao. Swali hilo hilo. Kilichokosekana ni tochi ya usoni."

Walirudi nyumbani. Bi Jovita alikuwa karibu kulia. Alisema hakuna namna ya kumuuliza mtu siku alizokaa bila kumuuliza siku alizokaa. Hidaya alikuwa anakuna nazi, anawasikiliza kwa sikio moja.

"Siku mia na themanini ni miezi sita, siyo?" akauliza.

"Ndiyo, mama."

"Basi waulizeni pilau."

Wakamtazama.

"Idi Ndogo mwaka huu ilikuwa lini? Januari, katikati. Leo ni mwisho wa Julai. Hesabu wewe uliyesoma. Idi hapa Ujiji hakuna uani ambao sahani haitoki, na hakuna mgeni anayepitwa, awe Mwislamu, awe Mkatoliki, awe anaabudu jiwe. Mtu aliyekuwepo anajua alikula kwa nani. Na hasahau. Mimi nawajua hawa watu kwa sahani. Muulize mtu unalala wapi, atakimbia. Muulize Idi Ndogo alikula pilau ya nani, hutamnyamazisha."

Bi Jovita alitoa kalenda kwenye daftari, akahesabu kwa ncha ya kalamu. Zilikuwa siku mia moja tisini na zaidi. Akainua uso.

"Na nani atathibitisha?"

"Mwenye sufuria," Hidaya akasema. "Nenda kwake, muulize kama alimlisha."

Safari hii Hamdani alikwenda kwanza bila fomu, akakaa karibu na Gervasi, akatupa ndoano. Bi Jovita akakaa nyuma yao na Hidaya, ambaye alikuja kwa sababu hakumwamini mumewe na maneno. Waliporudi watu wawili watatu, Hamdani akasema kwa sauti ya kupita tu:

"Hivi nyie, Idi Ndogo iliyopita mlikula pilau ya nani? Maana mke wangu anadai ya kwake iliongoza."

Yule aliyesema ana mtoto mgonjwa akaguna.

"Iliongoza kwa nini? Mimi nilikula kwa Mama Ikram. Ile ndiyo pilau. Nyama unaiona kwa macho."

"Ya Mama Ikram ilikuwa na viazi!" akadakia mwingine. "Nyama ulioteshwa ndotoni. Mimi nilikula kwa Mzee Kassimu, nikarudia."

"Kwa Kassimu ulirudia kwa sababu hujashiba."

"Mimi nilikula kwa huyu huyu Hidaya," akasema Gervasi, "na sisemi kitu, kwa sababu amekaa nyuma yangu."

"Sema!" Hidaya akasema.

"Bizari ilizidi."

Mawe yote yakaangua kicheko, na Hidaya akamrushia ganda la chungwa kisogoni. Waliokuwa wamejificha kwenye vichaka wakasogea kusikiliza, na kila anayesogea alikuwa na pilau yake ya kutetea. Bi Jovita alimwachia kila mtu aseme mpaka achoke, kisha akawaeleza wazi kwa nini swali hilo liliulizwa, na kosa lilikuwa la nani, na litaandikwa nini. Hakumdanganya mtu. Akauliza mmoja mmoja kama anakubali jibu lake liandikwe, na kama tangu Idi Ndogo amehama.

"Nihame niende wapi?" yule wa kwa Mzee Kassimu akasema. "Nasubiri Idi nyingine."

Kwa siku mbili waliuliza, na jioni walipita kwa wenye masufuria kuhakikisha. Siku ya pili jioni walikuwa na watu thelathini na tisa wenye pilau. Wamebaki wawili, ndugu wa tumbo moja, Anatoli na Feliksi, Wabembe kutoka Baraka, upande wa Kongo, wenye ndoano moja kati yao.

"Anatoli," Hamdani akasema, "Idi Ndogo ulikula kwa nani?"

Watu waliokaa karibu wakaanza kunong'ona. Sema kwa Mama Ikram. Sema kwa Hidaya. Mtu mmoja alikohoa jina la Kassimu. Anatoli aliwatazama wote, akamtazama na Bi Jovita, aliyekuwa ameinamia karatasi yake na kalamu haisogei.

"Sikula," akasema. "Tulivuka mwezi wa nne. Hiyo pilau nimeisikia tu."

Feliksi akavuta mshipi, hakukuwa na samaki, akautupa tena. Bi Jovita akaandika alichoambiwa. Mgeni. Na mgeni.

Kesho yake waliondoka pamoja, Hamdani na Bi Jovita, kwenda mjini Kigoma kwenye kibanda cha simu karibu na posta. Hamdani akasimama mlangoni, kandambili mpya mguuni, anasikia upande mmoja tu wa maneno.

"Shikamoo Mkuu... Hapana, sijafika, nimebaki Kigoma... Mkuu, kuna kosa katika ile takwimu. Ni la kwetu, la swali la nne... Neno, Mkuu. Huku mgeni si mtalii."

Sauti ya mkuu ilisikika kama nyuki kwenye kopo.

"Ni nani?" Bi Jovita akarudia swali. "Ni mtu ambaye hajatimiza siku mia moja na themanini, kama tulivyoandika kwenye maelekezo. Nimewauliza tena wote, na nimehakikisha kwa majirani... Ndiyo, thelathini na tisa ni wenyeji... Wawili, Mkuu. Wageni ni wawili."

Nyuki akanyamaza. Kisha akauliza kitu kifupi.

"Boti? Hapana. Wana ndoano moja, wanapokezana."

Hapo hata Hamdani alikisikia kicheko, kicheko kikubwa cha mtu mnene, kikitoka kwenye ile simu. Bi Jovita akasema ndiyo Mkuu, hapana Mkuu, nitaleta ripoti Mkuu, akaweka simu chini taratibu kama yai.

"Safari imefutwa," akasema. "Anasema hawezi kusafirisha ofisi nzima kwa treni kuja kuangalia ndoano moja."

Mzee Hamdani akakaa kwenye ngazi ya posta. Alitaka kusema alhamdulillah, likatoka nusu, nusu nyingine ikawa kicheko, akacheka mpaka machozi yakamtoka na mama mmoja aliyepita na beseni la samaki aina ya migebuka akamuuliza kama amepata msiba. Bi Jovita akakaa pembeni yake akacheka naye, msomi mzima, chini, kwenye vumbi.

Walimkuta Gervasi kwenye mwamba wake Bangwe. Hakugeuka.

"Hawaji," Hamdani akasema.

"Hawaji kesho au hawaji kabisa?"

"Hawaji kabisa. Imeandikwa wewe ni mwenyeji."

Mabega ya Gervasi yalishuka, kidogo kidogo, kama mtu anayetua mzigo na anaogopa kuuvunja. Kisha akageuka kwa Bi Jovita.

"Kwa maandishi?"

"Kwa maandishi, baba."

"Ego," akasema, ndiyo ya Kirundi. "Basi nisogezee hicho chambo, mgeni. Mbona umesimama tu kwenye ziwa la watu?"

Bi Jovita alipanda treni iliyofuata. Ripoti yake ilitoka mwaka uliofuata. Aliandika wavuvi wa kutoa mawazo, mkuu wake akakata akaweka uvuvi wa burudani, wakabishana, yakabaki yote mawili. Kamati ya wavuvi wa mwalo wa Bangwe iliitumia ripoti hiyo kupiga marufuku kokoro kwenye yale mawe na kuwaacha watu wa ndoano, kwa sharti la kumrudisha kuhe mwenye watoto. Sharti hilo lilifuatwa miaka kadhaa, kisha likafuatwa na baadhi. Bi Jovita anafundisha chuoni pwani na amerudi Kigoma mara mbili.

Anatoli na Feliksi walikula pilau Idi iliyofuata. Anatoli alirudi Baraka mwaka elfu mbili na sita. Feliksi alikwenda kambini Lugufu kumfuata shangazi yao, na baadaye wakapelekwa nchi ya mbali yenye baridi. Gervasi alirudi Rumonge vita vilipotulia, akafungua banda la viatu. Ziada alimaliza shule, akasomea uuguzi, yuko Kibondo na ana watoto watatu. Hidaya alifariki mwaka elfu mbili na kumi na moja. Mzee Hamdani alihamia Mpanda, akakaa miezi minane, akarudi Rusimbi, akafariki huko mwaka elfu mbili na kumi na nne. Watu bado wanavua kwa ndoano pale Bangwe. Kuhe wapo, ila wadogo kuliko zamani.